Injini ya Nne

Injini tatu zilizokufa zilikuwa zimepangwa nyuma ya karakana ya hospitali, zimefunikwa turubai moja la kijani. Saa mbili na nusu asubuhi Inspekta alilifunua, akachuchumaa na sare yake ya polisi, akapitisha kidole kwenye tundu lililokuwa ubavuni mwa injini ya kwanza. Tundu lile halikutobolewa kwa nyundo. Mkono wa pistoni ulikatika ndani ukatoka nje kwa nguvu zake wenyewe, ukapasua chuma kinene kama ganda la yai.

"Hii ilifia wapi?"

"Mbele ya shule," alijibu fundi mkuu, mtu mrefu mwenye kalamu nyuma ya sikio. "Ya pili ilifia sokoni. Ya tatu..." Akaichomoa kalamu, akairudisha sikioni. "Ya tatu ilifia njia panda, na mama mjamzito yumo ndani. Akajifungulia palepale, mbele ya kibanda cha mpiga pasi. Wote wazima, tunashukuru. Lakini tangu siku hiyo, tukipita mjini watu wanatuangalia kama tumewaibia kuku."

Injini tatu ndani ya miezi kumi na minne, na gari la wagonjwa lilikuwa hilo hilo moja kwa bonde zima. Ya nne ilikuwa na wiki saba tu tangu ifungwe.

Kabla hajawa mpelelezi, Inspekta alifanya kazi miaka tisa katika karakana ya polisi, mikono ikinuka grisi. Ndiyo maana kesi za mitambo zilimfuata yeye. Hii ilikuwa siku yake ya pili hapo, na pengine ya mwisho, kwa sababu daktari mkuu wa hospitali alikwisha kuamua.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta," daktari alikuwa amemwambia asubuhi ile ofisini, akigonga bahasha juu ya meza, mlango ukiwa wazi, dereva na wenzake wakisikia nje. Alikuwa mwanamume mfupi, mwepesi wa maneno na wa miguu. "Dereva na fundi lao moja. Injini hazijiui. Barua ya kumwachisha dereva kazi hii hapa. Kikao ni saa tisa, dereva mpya anaripoti kesho."

"Ushahidi?"

"Utauleta wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Sasa Inspekta alisimama, akafuta mikono, akaingia ndani ya karakana. Macho yake yakaenda sakafuni. Kwenye saruji kulikuwa na mikwaruzo mipya, mistari miwili iliyotoka kwenye benchi la kazi ikaishia mbele ya kabati la chuma lenye kufuli.

"Mnaweka nini humu?"

"Makorokoro tu, afande."

"Fungua."

"Ufunguo umepotea."

"Na huo unaoning'inia kiunoni?"

Fundi mkuu akautazama ufunguo wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Huu wa nyumbani kwangu."

"Nyumba yako inafungwa kwa kufuli la kabati?"

Kutoka mlangoni mtu aliangua kicheko. Alikuwa dereva mwenyewe, ndoo ya maji mkononi, shati lake la kazi limenyooshwa likasimama kama karatasi. Mji mzima ulimwita Taratibu. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha magari ya wagonjwa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akizidisha kilomita hamsini kwa saa. Usemi wake ulikuwa mmoja: taratibu, tutafika.

"Mfungulie, ndugu yangu," alisema. "Ukimficha polisi kabati, atatafuta mpaka kwenye soksi."

Fundi mkuu akafungua. Ndani hamkuwa na vipuri vya wizi wala dizeli ya magendo. Mlikuwa na madumu matatu ya lita tano, kila moja limebandikwa karatasi yenye tarehe. Inspekta alizilinganisha na tarehe za kwenye daftari lake. Zilikuwa siku tatu ambazo injini tatu zilikufa.

"Ni oili niliyoitoa kwenye kila injini baada ya kufa," fundi alisema polepole. "Daktari aliniambia nimwage. Nikaona, siku ya kuulizwa ikifika, mdomo wangu peke yake hautatosha."

"Kwa nini basi ulikataa kufungua?"

"Afande, mtu akikutwa na madumu ya oili kabatini, anaitwa mwizi wa oili kabla hajameza mate."

Inspekta alifungua dumu la kwanza, akanusa. Akafungua la pili. Kwenye la tatu akakunja uso, akamwita fundi naye anuse.

"Dizeli," alisema fundi.

"Dizeli. Ndani ya oili ya injini. Nitafutieni sinia la chuma, pana na laini."

Sinia lililopatikana lilikuwa la chumba cha upasuaji, na alilileta sista mwenyewe, muuguzi wa gari la wagonjwa, mwanamke mnene mchangamfu ambaye ndiye aliyempokea yule mtoto wa njia panda. "Mkinirudishia na mafuta," alitangaza, "nitawasugua nyie kwa spiriti badala ya sinia."

Inspekta aliliegemeza sinia kwenye benchi, likainama kama paa la nyumba. Kwenye ukingo wa juu akapanga matone manne: moja la oili mpya kutoka kwenye kopo, na moja moja kutoka katika kila dumu.

"Hizi ni mbio," alisema. "Oili nzima hutembea kama bibi harusi. Tuone hizi za kwetu."

"Mimi naweka dau kwa la tatu!" akasema Taratibu.

"Wewe na mwendo wapi na wapi?" sista akamjibu. "Mimi na la pili. Twende, baba, twende!"

Tone la oili mpya lilivimba, likafikiri, likaanza kuteremka kwa heshima zake. Yale mengine matatu hayakungoja. Yalikimbia kama chai iliyomwagika, la tatu mbele, yakafika chini na kudondoka kabla lile la kwanza halijafika hata robo ya njia. Taratibu alirusha mikono juu kama mfungaji wa goli. Hata fundi mkuu, aliyekuwa hajacheka tangu juzi, meno yalionekana.

Inspekta peke yake ndiye hakucheka, ila macho yake yaling'aa. "Oili nyepesi namna hii haiwezi kulinda chuma kisisagane na chuma. Beringi zinakauka, zinashika moto, mkono wa pistoni unakatika. Kilichoziua injini tunakijua. Tusichokijua ni aliyetia dizeli. Sasa nionyesheni iliyo hai."

Gari lilisimama uani, jeupe, limeoshwa likang'aa. Fundi alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakitazama muda mrefu.

"Haiwezekani," alisema.

Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

"Umeongeza lini?"

"Sijaongeza hata tone. Nilijaza mpaka alama wiki saba zilizopita."

Inspekta akaegemea gari. "Nina miaka kumi na saba katika upelelezi. Wezi nimewakamata wa kila namna, na kila mmoja alikuwa anapunguza. Huyu wa kwenu anaongeza. Mwizi anayeleta sijawahi kumwona."

Akainama juu ya mfuniko wa kujazia oili. Ulikuwa umezungushiwa waya mwembamba, ncha zake zimesokotwa na kubanwa kwa kipande cha madini ya risasi chenye alama ya nyota.

"Na huu?"

"Niliufunga mimi siku ilipofungwa injini hii," fundi alijibu. "Koleo yenye nyota ni yangu, na usiku nalala nayo. Kama kuna mtu angefungua, ningejua."

Waya haukuguswa. Risasi ilikuwa nzima. Inspekta aliikagua kwa tochi, juu na chini, kisha akaizima tochi taratibu.

"Basi hakuna mtu," alisema.

"Hakuna mtu vipi?" sista akauliza.

"Hakuna mkono uliotia dizeli humu. Imeingia kutokea ndani. Injini imejitilia yenyewe. Nozo zinazopuliza dizeli umezipima?"

"Mara mbili. Ni mpya na hazivuji."

"Kwa hiyo hazivuji, ila zinapuliza kwa makusudi. Injini inatia dizeli ya ziada kwa sababu fulani, halafu dizeli hiyo haiungui. Inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Kwa sababu gani? Taratibu, niletee daftari la safari. Lote, tangu gari lilipokuja."

Saa tano na robo walikuwa wamekaa wanne juu ya machela ndani ya gari, daftari limefunguliwa magotini kwa Inspekta.

"Gari lilikuja miaka miwili iliyopita," alisema. "Miezi kumi ya kwanza halikuumwa hata mafua. Halafu injini tatu mfululizo. Dereva yule yule, fundi yule yule, oili ya kopo lile lile. Nini kilibadilika?"

Inspekta alikuwa akifuata kwa kidole safu ya muda wa safari. Kwenye kurasa za mwanzo aliona saa moja na dakika kumi, saa moja na robo, mara mbili au tatu kwa wiki. Ghafla safari ndefu zikakoma. Kurasa zilizofuata ziliandikwa dakika sita, dakika nne, dakika saba, dakika nne.

"Hapa. Kwa nini hamkwenda tena hospitali ya rufaa?"

"Daraja," alisema Taratibu. "Mafuriko yalilipasua. Tangu hapo magari hayavuki. Mgonjwa wa rufaa namfikisha darajani, dakika saba, wanamvusha kwa machela, gari la ng'ambo linampokea."

"Na ukifika darajani unazima?"

"Nazima? Thubutu! Gari linaunguruma palepale, hata nusu saa. Mashine ya oksijeni inakula betri. Ila nikirudi hospitali nazima mara moja. Kuna kibao cha kimya pale getini."

"Daraja lilipasuka lini?"

Dereva akataja mwezi. Inspekta akahesabu kwa vidole. Injini ya kwanza ilikufa wiki tisa baadaye.

"Kitabu cha gari kiko wapi?"

Kitabu kilikuwa ofisini kwa daktari mkuu, juu ya rafu, kati ya kombe la mpira na kalenda ya mwaka juzi. Bado kilikuwa kimefungwa kwenye nailoni yake.

"Kimeandikwa lugha ya waliolitengeneza," daktari alijitetea. "Nani angekisoma?"

"Picha hazina lugha," Inspekta alijibu, akaichana nailoni kwa ukucha. Alifunua kurasa akiwa amesimama, daktari akichungulia kando ya bega lake. Ghafla akakomea kwenye ukurasa mmoja. Palichorwa kijisanduku chenye vitone ndani, na chini yake gari barabarani, saa yenye namba ishirini, na miali ya moto ndani ya kile kijisanduku. Pembeni, gari lile lile limesimama, limepigwa alama nyekundu ya mkasi.

"Daktari, hebu twende pamoja uani. Lete na bahasha yako."

Garini, Inspekta aliketi kwenye kiti cha dereva, akaweka kitabu juu ya usukani, akawasha swichi bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zikawaka zote.

"Kitabuni taa ni tisa. Nihesabieni hizi."

Fundi alihesabu. "Nane."

"Rudia."

"Nane, afande."

Inspekta alipapasa dashibodi kwa ncha ya kidole, akafika upande wa kulia chini, mahali palipokuwa peusi na laini. Palikuwa na kitu kimebandikwa. Akakichokonoa, kikabanduka: kipande cha plasta ya kidonda, kimepakwa wino mweusi ili kifanane na dashibodi. Chini yake kijisanduku chenye vitone kilikuwa kinawaka njano.

Halafu sista akajifunika uso kwa mikono.

"Ni mimi," alisema. "Jamani, ni mimi. Ndugu za wagonjwa walikuwa wakiiona wanapiga mayowe, eti gari linawaka moto. Mmoja alifungua mlango akaruka tukiwa tunakwenda! Nikasema, hii taa itaniulia mtu mzima asiyeumwa."

"Na wewe, Taratibu, ulijua?"

"Nilijua. Niliwauliza walioleta gari, wakaniambia itazima yenyewe. Na kweli, ilikuwa inazima yenyewe kila tukienda rufaa." Macho yake yakapanuka. "Kabla ya daraja."

"Kabla ya daraja," alirudia Inspekta. "Kwenye bomba la moshi kuna chujio linalokamata masizi. Likijaa, injini inapuliza dizeli ya ziada ili bomba lipate joto la kuyaunguza. Kazi hiyo inataka mwendo mzuri wa dakika ishirini bila kusimama. Mkizima katikati, au gari likisimama linaunguruma, dizeli haiungui. Inaingia kwenye oili. Kesho inajaribu tena, inakatizwa tena. Hakuna aliyeliua gari hili, daktari. Zilizokufa ni safari ndefu tu."

Daktari mkuu aliitazama bahasha mkononi mwake kama mtu aliyeshika kitu cha moto. "Tutajuaje kama ni kweli?"

"Fundi abadilishe oili. Halafu tupelekwe barabara ya machimbo. Imenyooka?"

"Kama rula," alisema Taratibu.

Saa saba na nusu oili mpya ilikuwa imejazwa mpaka alama, na gari likatoka getini na watu watano. Inspekta alikaa mbele ili aione taa. Nyuma walikaa fundi, sista na daktari mkuu, wamebanana kwenye kibenchi, kila mmoja ameshika kitu asianguke. Lami ilipoanza kunyooka, mshale wa mwendo ulitulia kwenye hamsini.

"Kanyaga," alisema Inspekta.

"Ndiyo nimekanyaga, afande."

"Themanini, na gia moja chini."

"Unaniamuru nivunje desturi ya miaka ishirini na miwili?"

"Nakuamuru kwa jina la sheria."

Taratibu alivuta pumzi, akabadilisha gia, akakanyaga. Injini ilinguruma kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwenye gari lile. Sista alipiga kigelegele. Mbuzi watatu kando ya barabara waliinua vichwa. Dakika ya kumi harufu ya joto ikapanda kutoka chini ya gari, na fundi, aliyechungulia dirisha la nyuma, akapaza sauti: "Moshi mweupe! Masizi yanaungua!" Dakika ya kumi na tano taa ilikuwa bado inawaka. Ya ishirini, bado. Inspekta hakupepesa jicho.

Dakika ya ishirini na tatu taa ilizima.

Vifijo vilivyolipuka vilikaribia kuwahamisha barabarani. Taratibu alipiga usukani kwa viganja, akapiga honi, akafuta macho kwa mkono wa shati lake lililonyooshwa. Daktari mkuu akaingiza kichwa kwenye kidirisha kilichotenganisha nyuma na mbele.

"Mzee wangu," alisema. "Nilikusema mbele ya hawa, na mbele ya hawa nakuomba radhi. Kikao cha saa tisa hakipo. Barua hii naichana sasa hivi."

"Yameisha, daktari. Ila ule usemi wa kikulacho ki nguoni mwako..."

"Ndiyo?"

"Safari nyingine tukague kama nguo yenyewe haijabana."

Kabla kicheko hakijaisha, redio ikakoroma. Sauti ya mapokezi ya hospitali ilisikika kwa haraka: machimbo ya kokoto, jiwe limemwangukia mtu, mguu, anapoteza damu. Gari liko wapi?

Taratibu alinyakua kipaza sauti. "Tuko hapa hapa! Nayaona machimbo! Dakika tatu!"

Walitumia mbili. Mpasua kokoto alikuwa jibaba la kifua kipana, amelazwa juu ya magunia, wenzake wamemfunga fulana juu ya goti. Hakuna aliyengoja kuambiwa. Daktari alipiga magoti kwenye vumbi akazuia damu, sista akanyoosha mguu uliovunjika na kuufunga kwa mbao, fundi na Taratibu wakanyanyua machela. Mtu wa kushika chupa ya maji ya mshipa hakuwepo, kwa hiyo Inspekta akaishika, akaingia nayo nyuma, akasimama ameinama chini ya paa, mkono juu.

Gari liliondoka likiwa jepesi kama limezaliwa upya. Dawa ya maumivu ilipoanza kufanya kazi, mgonjwa alifumbua macho. Alimwona daktari, akashukuru Mungu. Alimwona sista, akajaribu kutabasamu. Kisha macho yake yakapanda polepole, yakapita kwenye chupa ya maji, yakafuata mkono ulioishika mpaka kwenye shati la polisi, nyota za bega na pingu za kiunoni.

"Jamani," alisema kwa sauti ndogo, "mguu uvunjike wangu, halafu na kukamatwa nikamatwe mimi?"

Daktari mkuu ndiye aliyeanza kucheka, akafuata sista, na Inspekta, ambaye hakuwa amecheka kwa siku mbili, alicheka mpaka chupa ikatetemeka mkononi. Mbele, Taratibu alicheka vibaya kuliko wote. Alinyoosha mkono kuwasha king'ora, akawasha waipa, na gari la wagonjwa likaingia mjini kwa kilomita themanini kwa saa, likifuta kioo kikavu kwenye jua kali.